Tulichokiona Katika Kuta za Msikiti Mkuu wa Kilwa

Mashua inayotoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani haikawii. Bahari inayotenganisha bara na kisiwa ni nyembamba, na abiria hajamaliza kukunja kanzu yake kwa kuogopa maji ya chumvi kabla Gereza halijamkabili: ngome iliyojengwa upya na Waarabu wa Oman karibu na mwaka 1800, mahali palipokuwa na ngome ya Wareno ya mwaka 1505. Wageni wengi husimama hapo wakapiga picha. Sisi tulipita. Tulikuwa wajumbe wanne wa kamati ya msikiti mmoja wa pwani: mwenyekiti, mweka hazina, mjumbe wa ujenzi ambaye ni mwashi kwa kazi yake, na katibu aliyepewa jukumu la kuandika haya. Tuliondoka Dar es Salaam baada ya sala ya Alfajiri, tukavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa jua likiwa bado changa, tukakata kushoto Nangurukuru. Kibali cha kuingia magofuni tulikichukua Kilwa Masoko, kama kila mgeni anavyotakiwa kufanya.

Hatukwenda kutalii. Msikiti wetu ulijengwa na mababu kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na miaka mingi kabla ya kamati hii fundi mmoja aliupiga ukuta wa kusini lipu ya saruji. Ukuta ule ulipendeza kwa misimu michache. Kisha ukaanza kutoa jasho. Rangi hubanduka kila baada ya masika, unga mweupe wa chumvi hutokeza juu ya safu ya kwanza ya waumini, na ukigonga kwa kidole unasikia uwazi nyuma ya lipu. Kuta tatu zilizobaki na chokaa yake ya zamani zimechakaa, lakini ni kavu. Mwaka huu ndugu mmoja mwenye uwezo, Allah Amlipe kheri, alijitolea saruji na vigae vya kutosha jengo zima, ndani na nje. Baadhi ya wajumbe walisema tupokee na kazi ianze kabla ya Ramadhani. Wengine wakasema tuulize kwanza kwa nini ukuta unaolia ni ule tu uliotengenezwa. Ndipo ikaamuliwa twende Kilwa, kwenye jengo ambalo limekuwa likianguka na kuinuliwa kwa miaka mingi kuliko jengo lolote la ibada tunalolijua katika nchi yetu.

Njia kutoka ufukweni inapita kati ya mibuyu na nyumba za wanakijiji. Msomaji ambaye hajafika asidhani kisiwa kile ni makumbusho matupu. Watu wanaishi, wanavua, wanafuga mbuzi, na watoto wanakwenda madrasa. Msikiti Mkuu umesimama karibu na makazi yao, na mbuzi hawaufanyii adabu yoyote. Tulivua viatu kizingitini. Mtembezaji wetu, kijana wa hapo hapo kisiwani, alitutazama akatabasamu, akasema wageni wengi huingia navyo. Mwenyekiti akamjibu kwa upole kwamba katika madhhabu yetu ya Shafi msikiti ukianguka haugeuki kuwa kitu kingine: hauuzwi, haurithiwi, na ardhi yake inabaki kuwa msikiti. Kijana akavua vya kwake.

Jengo lina sehemu mbili ambazo jicho linazitambua mara moja. Ya kaskazini, yenye mihirabu, ndiyo kongwe zaidi kati ya zilizosimama, ya karne ya 11 au ya 12, na chini yake wachimbuzi walikuta mabaki ya msikiti wa kale zaidi. Paa lake limekwisha. Mbingu ndiyo dari. Ya kusini ni kubwa maradufu, na ilianzishwa katika karne ya 14, zama za Sultan al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake na ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Huko kusini ndiko mtu anakotembea chini ya makuba na matao yaliyobebwa na safu kwa safu za nguzo zenye pembe nane. Mwanga unaingia kwa vipande. Sauti ya mtu anayenong'ona kwenye nguzo ya mwisho inafika mpaka ya kwanza, na mwashi wetu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alizunguka nguzo tatu akizipapasa kwa kiganja kama mnunuzi anavyompapasa ng'ombe.

Alichokuwa akikitafuta alikipata. Nguzo zile si jiwe moja. Ni mawe madogo yaliyoshikanishwa kwa chokaa na kupigwa lipu, nayo ni kazi ya karne ya 15, kwa sababu ukumbi wa al-Hasan haukudumu. Uliporomoka. Tarikh ya kale ya Kilwa inasimulia kwamba msikiti ulibaki umeanguka kwa muda mrefu, mpaka zama za Sultan Sulaiman bin Muhammad, aliyetawala kati ya mwaka 1421 na 1442.

Hapa tunaomba msomaji atusubiri kidogo, kwa kuwa kisa chenyewe kinawahusu wanakamati wa misikiti popote walipo. Haji mmoja tajiri wa Kilwa alikwenda kwa sultani kuomba ruhusa ya kuujenga upya msikiti kwa mali yake mwenyewe. Sultani akataka na yeye awe na fungu, akampa mithqali 1,000 za dhahabu. Sote tunajua kutoka masomo ya zaka kwamba nisabu ya dhahabu ni mithqali 20, yaani gramu 85 hivi. Basi fungu la sultani lilikuwa nisabu 50, zaidi ya kilo 4 za dhahabu. Haji hakuweza kumkatalia mtawala, akazipokea. Akaujenga msikiti kwa mali yake kama alivyonuia. Sultani alipofariki, Haji akazirudisha zile mithqali kwa warithi wake.

Mweka hazina wetu alisikiliza kisa hiki akiwa ameketi kwenye kivuli cha tao, kisha akauliza kama kulikuwa na stakabadhi. Tulicheka, lakini swali lake halikuwa la mzaha mtupu. Makuba yale yamesimama kwa karibu miaka 600 juu ya uaminifu wa mtu mmoja na subira ya mafundi ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Kuhusu mafundi hao tulitaka kujua zaidi, na mtembezaji akatupeleka kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi katika matengenezo ya magofu. Tulimkuta akisuka ukili barazani kwake. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatuuliza habari za bara kabla ya kutuuliza shida yetu. Tulipomweleza habari ya ukuta wetu hakuonyesha kushangaa.

"Ukuta wa matumbawe unavuta pumzi, wanangu," alisema. "Mmeuziba pua."

Mengine aliyotufundisha tumeyaandika kwa urefu, na tunayatoa hapa kwa sababu misikiti ya aina hii ni mingi kutoka Lamu mpaka Mikindani.

Waashi wa kale walitumia mawe ya aina mbili. La kwanza ni jiwe gumu lenye matundu linalochimbwa nchi kavu, ambalo zamani za kale lilikuwa mwamba wa baharini. Hilo ndilo la kujengea kuta. La pili ni tumbawe la baharini lenye chembe laini, linalokatwa likiwa bichi, huchongeka kama mti, kisha likikauka huwa gumu. Hilo lilikuwa la mihirabu, vizingiti na nakshi. Siku hizi kuvunja matumbawe hai ni kosa kisheria, na ni haki liwe kosa, maana ndiyo nyumba ya samaki na kinga ya fukwe zetu. Kwa hiyo wanaotengeneza Kilwa huanza kwa kuokota: kila jiwe lililoanguka hutafutiwa mahali lilipotoka.

Chokaa nayo ni jiwe lile lile lililopitishwa motoni. Magogo hupangwa duara, ncha zikitazama katikati, tabaka juu ya tabaka, na mawe ya matumbawe yakarundikwa juu. Moto hutiwa kutoka katikati, tanuri likawaka usiku kucha. Joto likifika kiasi cha nyuzi 900 za Selsiasi jiwe hutoa hewa ya ukaa iliyokuwa ndani yake, likabaki jepesi, jeupe na lenye kiu. Likimwagiwa maji huchemka lenyewe, nalo ni hatari kwa macho na ngozi. Mzee alituonyesha kovu mkononi. Kisha hulazwa shimoni chini ya maji. "Miezi mitatu ndiyo adabu," alisema, "lakini mwaka ni bora zaidi." Ikitoka humo ni laini kama siagi. Kipimo kimoja huchanganywa na vipimo vitatu vya mchanga uliooshwa, wala usiwe wa ufukweni, kwa maana utakuwa mnaujengea ukuta chumvi kwa mikono yenu. Ukutani hupakwa tabaka jembamba, likafunikwa magunia mabichi lisikaushwe na jua, likasubiriwa, ndipo lije la pili. Chokaa haishiki kwa kukauka kama watu wengi wanavyodhani. Inashika kwa kuirudisha taratibu ile hewa iliyoipoteza tanurini, mpaka ikawa jiwe tena.

Mtu akiielewa safari hiyo ya jiwe kuwa unga na unga kuwa jiwe, ataelewa pia ugonjwa wa ukuta wetu. Misingi ya mababu haina karatasi za kuzuia maji. Unyevu wa ardhi hupanda ndani ya ukuta ukibeba chumvi, na chokaa huuachia utoke nje na kukauka. Saruji haiachii. Maji hukwama nyuma yake, chumvi hukaa na kuwa chembe kali, chembe zikikua husukuma, na kinachosagika ni jiwe, kwa sababu ndilo laini. Lipu hubaki nzima kwa nje huku ukuta wa ndani unageuka unga. Vigae vya kung'aa hufanya hivyo hivyo na zaidi. Saruji si adui. Nyumba zetu nyingi zimesimama kwayo na hazina tatizo. Katika jengo lililozaliwa nayo ina kazi yake. Katika majengo mengi ya kale ya mwambao ilitumiwa karne iliyopita kwa nia njema, na warekebishaji wa leo hutumia muda wao mwingi kuibandua.

Mchana tulitembea hadi kwenye msikiti mwingine, mdogo, wenye makuba, wa karne ya 15. Kati ya majengo ya kale ya kisiwani huu ndio uliohifadhika vizuri zaidi. Dari yake imegawanyika sehemu tisa, na juu ya kuba la kati kuna nguzo fupi yenye pembe nane inayoonekana kutoka mbali. Ndani, ukiinua kichwa, unaona mabakuli ya udongo wa kuchoma yenye rangi ya kung'aa yaliyopachikwa darini kwenye chokaa ikiwa mbichi. Vyombo kama hivyo vililetwa na merikebu za biashara kutoka Uajemi na Uchina. Baadhi yapo, mengine yamebakiza kitako tu, na mengine yamebakiza shimo la mviringo. Mashimo ya namna hiyo yako pia kwenye makaburi ya nguzo ya mwambao. Wapo waliobandua vyombo wakauza, na wapo waliovipiga mawe kwa mchezo. Mwashi wetu aliuliza kwa nini yasitiwe mabakuli mapya dukani yapo tele. Jibu alilopewa na kijana mtembezaji tulilipenda: shimo lile linasema kweli kwamba hapa palikuwa na bakuli, na bakuli jipya litasema uongo kwamba halijatoka. Kazi ya mrekebishaji ni kuishika chokaa inayozunguka yale yaliyobaki yasianguke. Hapo inatosha.

Sisi wenyewe hatukukubaliana juu ya mapambo yale. Mjumbe mmoja alikumbusha kwamba wanazuoni wamekemea kuipamba misikiti mpaka ikamshughulisha mwenye kusali. Mwingine akasema mabakuli yako juu, na mwenye kusali anatakiwa atazame pa kusujudia. Mjadala uliendelea mpaka mashuani.

Kilwa Kisiwani na jirani yake Songo Mnara viliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 vikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mvua ilikuwa ikiosha chokaa, mizizi ikipasua kuta, na bahari ikila ufukwe mpaka kwenye misingi. Miaka 10 ya kazi ilifuata: kuta zilishikizwa, miti ikaondolewa kwa uangalifu, kingo za mawe zikajengwa dhidi ya mawimbi, mikoko ikapandwa, na wanavijiji wakafunzwa kazi ya chokaa. Mwaka 2014 vikatolewa katika orodha hiyo ya hatari. Wafadhili wa nje walichangia sana, na tunawashukuru. Lakini hatukuacha kujiuliza, tulipokuwa tukisubiri maji yajae ili mashua ielee, kwa nini sanduku la michango la misikiti yetu linafunguka haraka kwa kapeti na kipaza sauti, na linafunga mdomo likisikia neno chokaa. Kapeti muumini analiona. Unyevu haumwoni mtu wala hauonekani, mpaka ukuta umekwisha.

Wapo watakaosema kwamba Kilwa ni gofu, na gofu linaweza kusubiri miezi mitatu ya shimo la chokaa kwa kuwa hakuna anayesali ndani yake sala tano. Hoja hiyo ililetwa katika kikao tuliporudi. Tuliijibu kwa kuutaja msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, ambao baadhi yetu tumesali. Maandishi ya Kikufi kwenye mihirabu yake yanataja mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Jengo lilijengwa upya katika karne ya 18, paa lake leo ni la bati, na kwa nje mpita njia angelidhani ni msikiti wa kijiji kama mingine. Ndani, wavuvi wanasali mbele ya mihirabu ile ile. Msikiti unaweza kutengenezwa mara nyingi na ukaendelea kuwa hai, ilimradi kila kizazi kijue kipi kinachobadilishwa na kipi hakiguswi. Bati ni la kubadilishwa. Mihirabu haiguswi.

Tulipokuwa chuoni mwalimu wetu wa tafsiri alikaa muda mrefu kwenye aya ya 18 ya Surat At-Tawba, inayowasifu wenye kuiamirisha misikiti ya Allah. Alitueleza kwamba wafasiri wamelifahamu neno hilo kwa maana mbili: kuijenga na kuitunza kwa mikono, na kuijaza kwa ibada. Waswahili tumelichukua neno la mzizi huo huo tukasema kitu ni imara. Wakati ule tulikuwa vijana, na maana ya kwanza ilitupita kwa haraka kwa sababu tuliiona nyepesi kuliko ya pili.

Kikao kilichukua jioni mbili. Ndugu yetu mfadhili alialikwa, akaelezwa yote bila kufichwa, na tulikuwa na hofu kwamba atavunjika moyo. Alinyamaza, kisha akauliza gharama ya kuni na mawe ya tanuri moja. Saruji yake imeelekezwa kwenye vyoo vipya na tangi la maji ya udhu, majengo yanayosimama peke yake mbali na kuta za kale. Vigae vimekwenda huko huko. Lipu ya ukuta wa kusini imeanza kubanduliwa kwa patasi ndogo, kidogo kidogo kutoka juu kwenda chini, na waumini wa safu ya kwanza wameombwa kuvumilia vumbi. Mawe yaliyosagika ni mengi kuliko tulivyotarajia karibu na msingi. Juu ya usawa wa dirisha yako salama. Wazee wawili wa mtaa wamejitokeza kusema kwamba waliwahi kuchoma chokaa ujanani, na vijana wanane wa madrasa wamewekwa chini yao wajifunze.

Shimo limechimbwa nyuma ya msikiti, upande wa mwarobaini, limezungushiwa uzio kwa ajili ya watoto na kufunikwa mbao. Chokaa ilimwagiwa maji Jumamosi iliyopita. Ramadhani itatukuta ukuta wa kusini ukiwa wazi, mawe yake yakionekana, na maimamu wetu wamekwisha watangazia waumini hivyo.